Mjomba namdai laki nne, mama anasema nisimtie aibu

Bi Cherehani shikamoo,

Naomba jina langu usilitaje maana Tanga ni ndogo, haya yakitoka hapa asubuhi magharibi yashafika Makorora. Mi kijana wa miaka 29, nina mke na mtoto mmoja, kazi yangu ni kurekodi. Sina studio ya kusema studio, nina laptopu, intafesi ya kuingizia sauti, maikrofoni mbili, hedifoni na stendi, natia kwenye begi nakufuata ulipo. Madrasa wanataka kaswida nakwenda, kwaya nakwenda, vijana wa singeli wanakuja wenyewe chumbani kwangu tunaegemeza godoro dirishani tunazima feni tunaanza. Kazi naipenda na watu wanasema naijua. Hela ndo siioni.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja, ana kikundi cha taarab. Huyu ndo aliyenishika mkono, mwaka 2019 nahangaika sina mbele sina nyuma akanunua maikrofoni ya kondensa, laki tatu na nusu katoa mfukoni kwake akaniambia haya anza. Mwaka huu akaniita turekodi nyimbo sita. Nikamwambia mjomba kwa wewe nafanya laki saba zote, akacheka akasema "aah mwanangu, mimi na wewe tutashindwana?" na siku hiyohiyo akanirushia laki tatu kwenye simu, mi nikajua tumeelewana.

Tukarekodi siku tano, kila siku saa mbili usiku mpaka saa nane maana mchana bajaji na majogoo hawakupi nafasi. Afu kumiksi, yaani kuzichanganya na kuzipima sauti zote zikae pamoja, kila wimbo si chini ya masaa manane. Afu ndo ikaja balaa. Mara kinanda hakisikiki, nikapandisha. Mara kinanda kimezidi kinammeza mwimbaji, nikashusha. Mara dumbaki, mara fidla, mara mke wa mpiga besi kasema besi haisikiki kwenye simu yake. Bi Cherehani nimebadilisha mara 14, kila mara masaa mawili, na iliyokubaliwa mwisho nikiisikiliza haina tofauti na ile ya mara ya tatu. Faili moja nimeliita mwisho, lingine mwisho kabisa, lingine mwisho wallahi.

Miezi mitatu imepita laki nne sijaiona. Nyimbo mbili nilishampa zimekamilika na zinapigwa kwenye maharusi nazisikia mwenyewe nikipita. Nikimkumbusha ananiambia "shughuli zikichanganya". Wiki iliyopita kaniita sio kunipa hela, anataka mafaili yote, yale ya ndani kila chombo peke yake, kuna prodyuza Dar atayatengeneza upya. Niliumia jamani. Mke wangu anasema ukitoa hata faili moja hiyo laki nne isahau. Rafiki yangu anasema futa kila kitu tuone atapeleka nini Dar. Mama kanipigia simu, "usinitie aibu na kaka yangu, kwani hiyo maikrofoni alikununulia nani?"

Na juu ya hilo kuna mchongo umekuja, shirika moja wanataka kurekodi nyimbo na hadithi za wazee wavuvi Pangani, siku sita, wananiambia nitume profoma, ile karatasi ya bei ya kabla ya kazi, kabla ya Ijumaa ijayo. Kila nikiandika namba naifuta, naiona kubwa, nikipunguza naona najipunja. Rafiki yangu yuleyule anasema hao wana hela zidisha mara tano. Na mi watu wa taasisi siwaamini, mwaka jana kuna waliyonikata asilimia 5 kwenye malipo yangu mpaka leo najua nilipigwa.

Ili ujue hali yangu, nyumbani kula na mambo mengine ni kama laki nne kwa mwezi, kodi elfu 80, luku na bando elfu 70. Vifaa vyangu nikivinunua upya leo vyote ni kama milioni mbili na laki nne.

Nimpe mjomba mafaili au nisimpe? Na bei ya haki ni ipi hasa?

Fundi wa Sauti, Tanga

*

Marahaba mwanangu, pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nina penseli mkononi, maana we fundi na mi fundi. Nimekaa nyuma ya cherehani hapa Ngamiani miaka 30 na ushee, na kuhusu mteja anayevaa gauni kabla hajamaliza kulipa hakuna utakachonifundisha. Unaniuliza kuhusu mafaili na kuhusu bei. Nitaanza na bei, unisamehe, najua roho yako iko kwa mjomba lakini utaona kwa nini.

Wewe unaamini mjomba angekulipa laki nne yake mambo yangekuwa sawa. Mi nimeandika hivi kwenye daftari. Kurekodi masaa 30, kumiksi masaa 48, kubadilisha mara 14 masaa 28. Jumla masaa 106, ukiyagawa kwa siku ya kazi ya masaa manane ni siku 13 na kidogo. Sasa mahitaji yako ya mwezi, laki nne na elfu 80 na elfu 70, ni 550,000. Umesahau vifaa. Laptopu haifi siku moja, inakufa kidogokidogo kila unapoiwasha, kwa hiyo hiyo milioni mbili na laki nne tuigawe kwa miaka mitatu, inakuja kama 67,000 kwa mwezi. Tumefika 617,000. Haya, kwa mwezi unalipwa siku ngapi? Usiniambie 30. Kuna siku unatafuta kazi, kuna siku unafukuzia hela, kuna siku waya umekatika unachomelea risasi sebuleni. Tuseme siku 10 za kulipwa. Siku yako moja basi ni 61,700, na hapo hujaweka akiba hata ya panado.

Zidisha kwa siku 13 za mjomba. Ni laki nane na elfu mbili, nauli bado. Kwa hiyo hata angelipa laki saba yote, tena kwa furaha na soda juu, ungekuwa umempunguzia zaidi ya laki moja bila yeye kujua na bila wewe kujua. Sisemi ni vibaya kumpunguzia mjomba. Nasema zawadi ambayo aliyepewa hajui kuwa amepewa haikuletei hata shukrani, na ndo maana una hasira ambazo hata laki nne isingezimaliza.

Hiyo namba ya 61,700 usiichukue kama bei ya haki unayoniuliza. Ni sakafu. Chini ya hapo unamlipa mteja ili akupe kazi. Juu yake kuna ujuzi wako, kuna wenzako hapa mjini wanachukua ngapi, kuna mteja mwenyewe na uwezo wake. Madrasa ya watoto utawafanyia chini ya sakafu kwa thawabu na hakuna ubaya, ila ujue umefanya hivyo, na uwaambie pia.

Sasa mjomba.

Nikuulize kitu ambacho hukukiandika. Umewahi kumuuliza anaihesabu vipi ile maikrofoni? Mama yako kwenye simu ameshakuonyesha mlango na nadhani ulikuwa na hasira hukuuona. Maikrofoni laki tatu na nusu. Deni laki nne. Hizo namba hazikukaribiana hivyo akilini mwako peke yako mwanangu. Inawezekana kabisa kichwani mwa mjomba ameshakulipa, miaka mingi kabla ya kazi, na anakushangaa wewe unayemdai. Inawezekana pia hakuwahi kufikiria hivyo, ni mama tu, na mjomba kwa kweli hana hela. Au hela ipo na ameona wewe ni mtu wa kungoja. Hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, we unayatibu yote kwa kununa.

Na lile neno "tutashindwana?" silo kukubali bei hata kidogo. Hilo ni neno letu la kumwondolea mtu haya ya kutaja hela mbele ya ndugu, nalijua vizuri, nimelisikia dukani kwangu mara elfu. Mwaka mmoja nilishona sare za harusi za watu 22, mama wa bibi harusi ni jirani yangu, nikatajataja bei akanambia kwani wewe mgeni? Nikakata vitenge vyote. Harusi ikavunjika wiki ya mwisho, na mi nikabaki na magauni 22 ya saizi za watu ambao hawataki hata kuyaona. Nilimnunia yule mama miaka miwili. Lakini nilipokuja kutulia nikaona bei mimi sikuisema, niliipitisha kama mtu anayepita mbele za watu wanaosali.

Hiyo laki tatu aliyokurushia inakusaidia kidogo. Sheria ya Mikataba inakubali makubaliano ya mdomo, na meseji ya malipo na mazungumzo yenu ya wasap nayo yanaweza kupokelewa kuwa ushahidi, tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu 2015. Kwa hiyo njia ya Mahakama ya Mwanzo ipo. Nakutajia ili usiseme sikukwambia. Ila we mwenyewe pima, laki nne kwa upande mmoja, na upande wa pili mama yako amekaa katikati ya mwanaye na kaka yake.

Kuhusu mafaili, hapa nimemuuliza kijana anayefanya kazi kama yako maana mi naishia kwenye uzi na sindano. Kanieleza kumbe "mafaili yote" ni vitu tofauti. Kuna masta, ule wimbo uliokamilika. Kuna stemu, kila chombo kimetolewa peke yake, vyote vikianzia sekunde ileile ya mwanzo ili vikipangwa vilingane. Na kuna lile faili la mradi, la programu yako na plagini zako, vile viprogramu vya nyongeza, na ufundi wako wote wa vipimo, ambalo Dar lisipokuta programu ileile na plagini zilezile halifunguki vizuri. Yule prodyuza akiwa anaijua kazi yake anachohitaji ni stemu. Kuzitoa kwa nyimbo sita, kuzikagua na kuziandika majina ni kazi ya karibu nusu siku, na hiyo kazi haikuwemo kwenye laki saba. Unaweza kuisema bila kugomba.

Na kwenye kuumia, nataka nikuguse taratibu. Unachukulia kwamba kupeleka Dar ni kukutukana. Mbona kwenye kazi yenu ni kawaida duniani kote mmoja anarekodi, mwingine anamiksi, wa tatu anafanya masta? Stemu zikifunguliwa Dar zikakutwa safi, hazina kelele ya feni wala jogoo, jina lako limekwenda mjini bila nauli. Lakini pia inawezekana mjomba hakuipenda kazi na ameona haya kukwambia, ndo maana ya zile mara 14. Mtu anayekwambia pandisha, shusha, rudisha, mara nyingi kuna kitu anakitafuta hana jina lake. Ungemkalisha siku moja mkasikiliza pamoja wimbo wa watu wengine anaoupenda labda zingetosha mara mbili. Wenzako wengi wanaweka masahihisho mawili au matatu ndani ya bei, ya nne inalipiwa, na mteja akijua hivyo anajifunza kuwauliza wanakikundi wote kwanza kabla hajakupigia simu, pamoja na mke wa mpiga besi.

Ukiyashikilia mafaili, una nguvu mkononi, sikatai, nami nguo isiyolipwa huwa haitoki dukani. Hatari yake ni kwamba umeshampa nyimbo mbili, anaweza kuzipiga hizohizo msimu mzima na akakuacha na disiki yako. Na gauni nililolikatalia ni uzi wangu na jasho langu kwenye kitambaa cha mtu, wewe ulichoshika humo ndani si chako peke yako. Nyimbo ni zao, koo ni zao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamwangalia mtunzi, inamwangalia mwimbaji na mpigaji, na inamwangalia aliyebeba dhamana ya kurekodi, na kubonyeza kitufe peke yake hakukufanyi wa tatu. Mkiandikiana makubaliano, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndo watu wa kuwaendea mkaulize nani ana nini.

Ukiyatoa yote leo, mama atalala vizuri, mjomba atakusifu mbele za watu, na mkeo atakaa kimya kile kimya unachokijua. Laki nne inaweza ikaja. Inaweza isije. Ungekuwa umeamua moyoni kwamba ndo umelipa maikrofoni, huo nao ni uamuzi wa mtu mzima, lakini useme kwa mdomo mbele yake, "mjomba, hii ni ya ile", vinginevyo mwakani atakuja na nyimbo nyingine sita na maikrofoni bado iko kwenye hesabu.

Kuna katikati pia. Nyimbo mbili za stemu kwa sehemu ya hela, zikishatoka hizo, mbili nyingine. Inamfaa mtu asiye na hela yote kwa mpigo, na wewe hutabaki mkono mtupu. Ila ni njia ndefu, inataka uvumilivu, na kila mara unamkumbusha ndugu yako kuwa hamuaminiani.

Kufuta sitaki hata kukujadilia sana. Tanga hii ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya zamani, kuna wazee mpaka leo wanaulizana nani ana kanda ya wimbo fulani. Muimbaji ana koo lake leo, kesho yake haijui mtu. Huyo rafiki yako ana maneno mazuri ya kijiweni. Tena nakili kila kitu kwenye disiki ya pili usiku huuhuu, maana ikifa yenyewe nani atakuamini kwamba hukufuta?

Pangani sasa, maana Ijumaa inakuja. Hao wamekwambia siku sita na wewe umeingia kichwakichwa kwenye siku sita. Yule kijana anasema tuseme mnarekodi masaa manne kwa siku, ni masaa 24 ya sauti. Kwa ubora wa stirio ya 24-biti na 48 kilohezi saa moja inakula giga moja na kidogo, kwa hiyo giga 25, disiki mbili ndogo zinabeba nakala zote, hapo hakuna mzigo. Mzigo ni kusikiliza. Masaa 24 ya wazee lazima uyasikilize masaa 24, uandike nani kasema nini na upepo umeingia wapi, hizo ni siku tatu nzima. Weka siku moja ya kujiandaa na moja ya kukabidhi. Siku sita zimekuwa 11. Sakafu yako ni 678,700 kabla ya nauli, malazi, chakula, betri, na kabla ya faida. Ungeandika siku sita ungewapa siku tano bure halafu ungerudi kuniandikia kwamba watu wa taasisi ni wezi.

Mara tano ya rafiki yako unaweza ukaipata, mara moja. Watalinganisha na fundi mwingine na wakishajua hawarudi. Mi ningeona heri profoma isomeke kama kitu, siku hizi za kurekodi, siku hizi za kusikiliza, usafiri, masahihisho mangapi, watapewa faili gani, nani atabaki na nakala na mpaka lini, kianzio kiasi gani kabla hujapanda gari. Na uwaulize wale wazee wameambiwa nini. Mzee akishakuimbia wimbo wa babu yake mbele ya maikrofoni yako, kesho akiusikia mahali hatamtafuta mkurugenzi wa shirika, atakutafuta wewe.

Na ile asilimia 5, huenda hukupigwa. Hiyo ni kodi ya zuio, taasisi zinapolipa huduma zinaikata na kuipeleka TRA, na walitakiwa wakupe cheti chake ambacho unakihesabu kwenye kodi yako ya mwaka. Waombe hicho cheti. Wakikukosesha hicho ndo uwe na neno nao.

Dukani kwangu kila kitambaa kina kijikaratasi kimebanwa na pini, urefu, kifua, kiuno, tarehe, kianzio, baki. Mteja anakiona nikiandika na anakishika kwa mkono wake kabla sijagusa mkasi. Hakina maneno ya kiwakili hata moja. Jirani na mgeni wote wana kijikaratasi, na tangu nimeanza hivyo hakuna jirani aliyesema namwona mwizi, maana kila mmoja ameona na aliyemtangulia anacho. Cha kwako nakiona kama meseji fupi ya wasap, nyimbo ngapi, siku ngapi, masahihisho mangapi, kianzio, baki, faili gani linatoka baki ikishalipwa. Mteja anajibu "sawa". Unaituma kabla ya kuwasha kitu chochote.

Kwa mjomba nenda asubuhi, akiwa peke yake, sio siku ya mazoezi mbele ya kikundi. Usiende mikono mitupu, chukua mkate wa kumimina. Muulize habari za Dar kwanza, muulize anachotafuta kwenye hizo nyimbo, halafu muulize ile maikrofoni. Mkeo mwambie unakwenda, asije akasikia kwa mama. Utakapotoka pale labda utakuwa na hela, labda utakuwa huna, lakini angalau utajua unadai nani na kwa nini.

Halafu uniandikie. Nataka kujua alikwambia nini kuhusu ile maikrofoni.

Bi Cherehani